Msipige marufuku chambo hai, zuieni chandarua mafunjoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie chambo. Katika mwalo wetu wa kushushia samaki hapa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, kamati ya BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, imeandaa rasimu ya sheria ndogo inayosema ni marufuku mtu yeyote kuuza, kununua au kutumia samaki hai kuwa chambo. Itasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ikipita itapelekwa halmashauri kuidhinishwa. Nimeisoma yote. Lengo lake, ambalo ni kuokoa mazalia ya samaki, naliunga mkono kwa moyo wangu wote. Maneno yake nayapinga, na nina sababu ambazo ningependa wanakijiji wenzangu wazisikie kabla mikono haijanyooshwa. Najua mialo mingine ya Magu, Busega, Bunda na Ukerewe nayo inasumbuliwa na jambo hilihili.

Mniruhusu kwanza niseme maslahi yangu. Mimi ni mama mfugaji wa kambare. Nina mabwawa 4 pale palipokuwa shamba la pamba la marehemu mume wangu, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa migonzo wanaonunua vifaranga kwenda kuvulia sangara. Rasimu ikipita kama ilivyo, biashara yangu imekufa siku hiyohiyo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimelificha. Ila kabla ya kuwa mfugaji nilikuwa mke wa mvuvi, na nimeishi na migonzo ndani ya nyumba, ikitundikwa ukutani, ikifumuliwa na kurekebishwa mbele ya watoto, kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mabwawa.

Kwa msomaji aliye mbali na ziwa, mgonzo ni kamba ndefu yenye ndoano nyingi zilizofungwa kwa nyuzi fupi, juu ina maboya ya madumu na chini ina mawe. Hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Mtumbwi wa kawaida una ndoano mia kadhaa, na wenye mitaji huvuka 1,000. Kila ndoano inataka chambo chake. Sangara anapenda kitu kinachotapatapa. Ukimtegea kipande cha nyama kilichokwisha kulegea, mara nyingi utavuta kamba tupu, au utavuta gogogo na mchana wako uishie kumchomoa miiba.

Hapo ndipo kambare mdogo anapopata thamani yake. Dagaa akitolewa majini anakufa papo hapo. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, anavumilia kidogo, lakini ndani ya ndoo iliyojaa hafiki mbali. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, kwa hiyo unaweza kumsafirisha kwa bodaboda, kwenye dumu lililokatwa ubavu lenye maji ya kumfunika mgongo tu, akafika mwaloni mzima. Mvuvi anayejua kazi hupitisha ndoano kwenye nyama ya mgongoni, chini kidogo ya lile pezi refu, asiuguse uti. Akifanya hivyo kifaranga kitaogelea kwenye ndoano usiku kucha. Akiugusa uti, kinapooza, na ndoano ile ameitega bure. Nimewaona vijana wakifundishwa jambo hili na wazee wao kwa kushikwa vidole, taratibu, mpaka mkono uzoee.

Mahitaji ya chambo basi ni makubwa. Mitumbwi 10 yenye ndoano 500 kila mmoja inataka vifaranga 5,000 kwa usiku mmoja. Swali ambalo rasimu haikuliuliza ni vifaranga hivyo vinatoka wapi, na kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe.

Vingi bado vinatoka mafunjoni. Nieleze kinachotokea huko, kwa sababu naona hata wajumbe wengine wa kamati hawajawahi kuingia.

Masika yanapokolea, Mto Simiyu ukajaa na majaruba ya mpunga yakaungana na maji ya ziwa, kambare wakubwa hutoka ziwani usiku na kupanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Jike la kilo 1 lina mayai makumi ya maelfu. Huyataga kwenye nyasi, mayai yananata hapo, wazazi wanaondoka. Baada ya siku moja au mbili, kutegemea joto la maji, yameanguliwa. Watoto hukaa humo wakila vidudu na kukua, na maji yakianza kupungua hushuka nayo kupitia mifereji myembamba kurudi kwenye mafunjo na hatimaye ziwani. Wakati wanashuka ndipo wanakuwa wamesongamana, na chandarua kinatandazwa palepale mlangoni mwa mfereji.

Mwaka huu nilisimama ukingoni nikaangalia vijana wawili wakivuta. Walimwaga walichopata kwenye beseni la bluu, nikainama. Kambare wa urefu wa kidole walikuwamo, ndiyo, labda theluthi moja ya beseni. Waliobaki walikuwa watoto wa sato, wenye lile doa jeusi kwenye pezi la mgongo linalowatambulisha, wadogo kiasi kwamba wengine walikuwa saizi ya ukucha. Walikuwamo furu wa aina ambazo sikuweza kuzitaja, kamongo mmoja mwembamba kama kalamu, viluwiluwi, na tope. Vijana wakachambua kambare wakawatia kwenye ndoo. Vilivyosalia wakavimwaga kwenye nyasi kavu, kunguru wakashuka. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50, na mwaloni tunapimana kwa rula mbele ya afisa. Katika beseni lile, kwa mvuto mmoja, wamekufa sato ambao wangejaza mitumbwi, na hakuna aliyewapima, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu kuwa ni samaki. Ni takataka za chambo.

Mafunjo yale si mahali pa kawaida. Ndani kabisa, maji yana hewa kidogo sana kwa sababu ya majani yanayooza. Sangara hawezi kukaa humo, maana anahitaji maji yenye hewa ya kutosha. Kambare na kamongo wanaweza, na baadhi ya furu wanaweza. Sangara alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, mamia ya aina za furu zilitoweka au zilipungua mno katika maji ya wazi, na watafiti wamekuta kwamba pembezoni mwa mafunjo na kwenye miamba ndiko baadhi yao walikosalimika. Kwa maneno mengine, tuna sehemu moja ambayo mlaji mkubwa wa ziwa hawezi kuwafuata wadogo, na sehemu hiyo tumeiingia sisi wenyewe tukiwa na chandarua. Tena chandarua chenye dawa. Dawa inayoua mbu kwenye nyavu zile ni sumu kali kwa samaki na kwa uduvi, na ukikivuta kikiwa kipya humwachi salama hata yule aliyepenya.

Wazee watakumbuka ningu. Alikuwa samaki wa ziwani, akipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na harufu ya ningu wa kukaushwa ilikuwa harufu ya msimu. Nyavu za makila, zile za kutega zinazomnasa samaki matamvuani, ziliingia ziwani mwaka 1905, na baada ya hapo watu wakajifunza kuziweka midomoni mwa mito wakati ningu anapanda akiwa na mayai. Haikuchukua vizazi vingi akawa amekwisha sehemu nyingi. Sangara hakuhusika, maana ningu alikuwa ameshapungua kabla sangara hajatawala. Kilichommaliza ni kuvuliwa akiwa njiani kwenda kuzaa. Kambare anapita njia ileile, kwa msimu uleule, na tofauti ni kwamba yeye tunamvizia anaporudi akiwa mtoto.

Kwa hiyo ninapoona kamati imekasirika, naielewa. Hata mimi nimekasirika. Lakini tazameni rasimu itafanya nini.

Itamkataza mvuvi kutumia kifaranga kilichozaliwa bwawani kwangu, ambacho hakijawahi kuliona ziwa, sawasawa na kile kilichochotwa mfereji wa mafunjo. Mwenye bwawa yuko barabarani, ana kibao, ana anwani, kila mtu anamjua. Siku ya kwanza ya utekelezaji mimi nitakuwa nimefunga. Mwenye chandarua hana kibao. Anaingia mafunjoni saa 10 alfajiri, anauza kisiwani au kambini, na faini ikipanda anapandisha bei tu. Tutakuwa tumemwondoa sokoni mshindani wake pekee.

Na mwenye mtumbwi atafanyaje? Ana ndoano, ana mkopo, ana vijana 4 wanaomtegemea. Hataacha kuvua. Wengine watanunua chambo cha magendo. Wengine, na hili ndilo linalonitisha zaidi, wataona mgonzo hauna faida tena na watarudi kwenye timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, au watachanga fedha wanunue kokoro ambalo limepigwa marufuku na sote tunajua bado linavutwa usiku. Mgonzo wenye ndoano kubwa na chambo kikubwa humlenga sangara mkubwa. Kokoro linakumba chini yote, na viota vya sato pamoja nayo. Mtu aliyehamia kwenye ndoano tumpe sababu ya kubaki huko.

Sasa niwaelezeni bwawa, kwa sababu kwenye kikao cha kamati nilisikia mjumbe akisema kwamba vifaranga vya bwawani ni hadithi, eti wafugaji tunachota mafunjoni na kuvipitisha bwawani siku mbili tatu vipate jina. Najua wapo wanaofanya hivyo. Kazi halisi iko hivi.

Kambare aliyefungiwa bwawani hatagi kwa urahisi, kwa kuwa hakuna mafuriko ya kumwamsha. Unamchagua jike lenye tumbo laini lililojaa, ukilibonyeza kidogo mayai yanatoka yenyewe, ya rangi ya kijani kibichi au kahawia. Unamchoma sindano ya homoni. Wengine hutumia dawa ya dukani, wengine husaga tezi ya kichwani ya kambare mwingine, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, wakaichanganya na maji ya chumvi. Unamweka peke yake kwenye tangi lililofunikwa vizuri, maana usiku anaruka. Baada ya saa 10 hadi 12 hivi, kama maji yana joto la kutosha, unamkamua mayai kwenye beseni kavu. Dume halikamuliki. Inabidi umchinje, umpasue, utoe mifuko miwili ya mbegu, uikate na kuikamulia juu ya mayai. Unatia maji, unakoroga kwa unyoya wa kuku kwa dakika moja, unayatandaza juu ya wavu laini kwenye maji yanayotembea. Kesho yake, au kesho kutwa, kuna uhai unaochezacheza chini ya wavu.

Siku tatu za kwanza wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Baada ya hapo ni usiku na mchana. Unawalisha vidudu vya maji vilivyokuzwa kwa samadi, kiini cha yai la kuchemsha kilichochujwa kwa kitambaa, halafu chakula cha unga. Unaondoa uchafu kwa mpira mwembamba, ukikohoa vibaya umevuta na watoto. Na kuna jambo ambalo halina huruma: kambare wanalana. Ndani ya wiki chache wachache wanakuwa wamewazidi wenzao mara mbili, na mmoja wa hao anaweza kummeza nduguye kuanzia mkiani mpaka kichwa kinabaki kikining'inia mdomoni. Usipowachambua kwa saizi kila wiki, unabaki na majitu machache na bwawa tupu. Inanichukua kama miezi miwili kupata kifaranga cha kufaa ndoano.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu ndani yake kuna jibu la hoja ya mjumbe yule. Vifaranga vya bwawani vimechambuliwa. Ukifungua dumu langu utakuta kambare watupu, wa saizi moja, maji safi. Ukifungua dumu la mafunjoni utakuta wa kila saizi, watatu wakubwa na ishirini wadogo, wenye michubuko ya chandarua kwenye ngozi, na hata ukichambua vipi hutakosa mtoto wa furu, konokono mdogo au uzi wa mwani chini ya dumu. Mjumbe wa BMU hahitaji maabara. Anahitaji kurunzi na beseni jeupe. Na akitaka uhakika zaidi, aje kwangu aone majike ya kuzalishia, aone daftari, ahesabu. Anayedai ameuza vifaranga 20,000 mwezi huu na hana hata jike moja la kuzalisha wala hajui aliponunulia vifaranga, huyo amejitambulisha mwenyewe.

Kwa hiyo naomba sheria idai stakabadhi. Kila dumu la chambo linaloshuka mwaloni liwe na karatasi inayotaja bwawa lilikotoka, tarehe na idadi. Mwenye bwawa aandikishwe na BMU na kwa afisa uvuvi wa kata, akaguliwe. Asiye na karatasi asiuze. Mafunjo na mifereji yake yafungwe kabisa kwa ukusanyaji wa chambo, hasa kuanzia mvua zinapoanza mpaka maji yanaporudi, na chandarua kisionekane majini mwezi wowote wa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo rasimu haikuligusa kabisa, nalo ni chambo kinachobaki. Mvuvi akirudi na kambare hai kwenye ndoo, mara nyingi anawamwaga popote. Kama ni palepale ziwani, afadhali. Lakini nimeona vijana wakiwabeba mpaka kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe huko juu ili wakakue, wavuliwe baadaye. Kambare anakula kila kitu, na akiingia kwenye maji madogo yenye samaki wengine anawamaliza. Tena nyasi zikiwa na umande au mvua ikinyesha, kambare anaweza kujikokota nchi kavu kutoka dimbwi moja kwenda jingine, hivyo lambo haliwi gereza lake. Viko viziwa vidogo pembeni mwa Ziwa Victoria ambavyo bado vina samaki wa asili waliokwisha ziwani, na ndoo moja ya chambo inaweza kuharibu kilichobaki. Majimbo mengi ya Marekani, ambako watu huvua kambare wa kwao kwa chambo hai, hayaruhusu mtu kuhamisha samaki hai wa chambo kutoka maji haya kwenda yale, wala kumwaga mabaki, kwa kuhofia magonjwa na samaki wageni. Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Sangara mwenyewe hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa hai, na watu waliodhani wanafanya jambo jema. Leo tunamla, tunamuuza mabondo, ile mifuko yake ya hewa ya tumboni, tunasomesha watoto kwa minofu yake, na furu waliokwenda hawarudi.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni bei. Kifaranga changu ni shilingi 150 na cha mafunjoni kinapatikana kwa chini ya hapo. Ni kweli. Lakini kimoja hufika kikiwa na nguvu, na katika kile kingine unatupa wengi kabla hujategesha. Mvuvi makini anajua hesabu hiyo, na ndiyo maana wateja wangu wanarudi. Hata hivyo sikatai kwamba kwa mwenye mtumbwi mmoja mdogo tofauti inauma. Hapa BMU inaweza kusaidia kuliko kwa faini. Ushuru tunaotoa mwaloni ungetosha kuchimba mabwawa machache ya pamoja na kumlipa mtu aliyepitia mafunzo, kwa mfano pale chuo cha uvuvi Nyegezi, awazalishe. Bei ingeshuka kwa wote, pamoja na ya kwangu, nami niko tayari kuwafundisha watakaochaguliwa bila malipo.

Hoja ya pili ni ya wanaokusanya. Wale vijana wawili wa beseni la bluu si wahalifu wa kuzaliwa. Mmoja namjua mama yake, anauza maandazi karibu na ofisi ya kijiji, na fedha ya chambo ndiyo iliyonunua sare za wadogo zake. Wamama kadhaa nao hukusanya. Rasimu imewatajia faini tu. Wao ndio wanaojua kambare anapita mfereji upi, usiku upi, akiwa saizi gani, na maarifa hayo ni ya kulinda mafunjo kama yalivyokuwa ya kuyachota. Waitwe kwanza. Wa kwanza kupewa nafasi kwenye mabwawa ya pamoja wawe wao, na wapewe msimu mmoja wa kuhama kabla adhabu hazijaanza. Nimeuliza kama wamealikwa kwenye mkutano, nikaambiwa tangazo limebandikwa mwaloni. Wao hawako mwaloni, wako mafunjoni.

Ya tatu ni kambi za visiwani, ambako dumu la bwawani halifiki kila siku. Hapo sina jibu la mara moja zaidi ya kusema kwamba kambare kwenye tangi lenye kivuli anakaa wiki nzima bila shida akibadilishiwa maji, hivyo kambi yenye tangi moja la plastiki inaweza kununua mara moja kwa wiki. Kina mama wa visiwani wakitaka kuzalisha hukohuko, homoni hubebwa kwenye chupa ndogo. Inawezekana.

Na kuhusu nani asimamie, naomba tusiwe kama nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto ana sharubu. Leo mjumbe wa BMU anakamata, mgambo wa kijiji anakamata, kesho anakuja mwingine kutoka kata, na kila mmoja ana tafsiri yake ya chambo halali. Iandikwe kwamba mkaguzi wa chambo ni BMU, kwa fomu moja, na afisa uvuvi ndiye wa kukatiwa rufaa. Mvuvi akishaonyesha stakabadhi mara moja mwaloni, asisumbuliwe tena majini.

Kifungu kinachonihusu katika rasimu ni cha 4. Sasa kinasema: "Ni marufuku kuuza, kununua au kutumia samaki hai kuwa chambo katika eneo la mwalo." Nimependekeza kisomeke hivi: "Ni marufuku kukusanya samaki wa chambo kutoka kwenye mafunjo, mifereji, midomo ya mito na majaruba, au kwa kutumia chandarua mahali popote. Chambo hai kitakachouzwa au kutumika mwaloni kitatoka kwenye bwawa lililoandikishwa na kitakuwa na stakabadhi. Chambo kilichobaki hakitamwagwa katika maji mengine yoyote." Nakala nimempa katibu wa BMU kwa mkono wangu, na nimemwomba isomwe kwa sauti mkutanoni sambamba na ile ya kamati, ili watu wapige kura wakiwa wamezisikia zote mbili.

Mama mfugaji wa kambare,
Ghuba ya Speke, Magu